Mita Moja, Milimita Tisa: Kisa cha Kuipanga Stesheni ya Kigoma Juu ya Meza

Kisa hiki kinahusu modeli ya reli ambayo bado haijakamilika. Ninakiandika sasa kwa makusudi, kabla rangi haijapakwa na majani ya miembe hayajabandikwa, kwa sababu mambo makubwa katika kazi ya namna hii huamuliwa wakati meza bado ni mchoro. Mahali ni Kigoma mjini, katika chumba cha stoo cha shule moja ya sekondari, ambacho kikundi cha wanafunzi wa uchoraji wa ufundi kiliruhusiwa kukitumia. Chumba kina urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 2.8, mlango mmoja na dirisha moja. Wahusika ni wanafunzi kumi na mmoja, mzee mstaafu wa reli aliyeanza kazi mwaka 1979 na kutumikia miaka mingi katika yadi ya Kigoma akishanti mabehewa (yaani kuyasogeza na kuyapanga kwenye njia zake), seremala wa mtaani anayetukatia mbao, na mimi ninayewafundisha vijana hao kuchora.

Lengo lilielezwa kwa sentensi moja: stesheni ya Kigoma ionekane mezani pamoja na mji unaoizunguka, na treni itembee. Tuliiandika ubaoni siku ya kwanza, tukaamini kwamba kilichobaki ni kupima na kukata. Ilituchukua miezi mitatu kuelewa kwamba sehemu zake mbili, mji kuonekana na treni kutembea, zinagombea nafasi ileile.

Mchoro wa kwanza, ambao niliupitisha mimi mwenyewe, ulikuwa na meza pana katikati ya chumba na reli iliyoizunguka kama mkufu. Stesheni iliwekwa upande mmoja, bandari upande wa pili, na katikati tulipanga soko, msikiti, kanisa, maduka na nyumba za makazi. Mpango wa namna hiyo ni wa kawaida sana katika modeli za Ulaya na Marekani, na una faida ya wazi kwamba treni inaweza kutembea saa nzima bila mtu kuigusa. Mzee alipoletewa karatasi aliifuata reli kwa kidole mpaka aliporudi alipoanzia, kisha akauliza, "Mwalimu, hii treni ikitoka Kigoma inakwenda wapi?" Nilimjibu kwamba inazunguka na kurudi. Akasema, "Kigoma hakuna kupita, mwalimu. Reli inafika ziwani, inaishia hapo. Ukiizungusha, utakuwa umechora mji mwingine."

Jibu hilo ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata, na inafaa kueleza kwa nini nilikubaliana nalo. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya kilomita zipatazo 1,250, na shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa maji ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani hawakungoja muda kabla ya kuonyesha walichokuwa wanakitaka. Meli yao Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, ilisafirishwa vipande vipande ndani ya makasha, ikapandishwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtoto wa Kigoma analijua. Kwa hiyo gati na stesheni ni viungo vya mwili mmoja, na modeli inayoificha ncha ya reli inakuwa imeondoa sababu ya mji wenyewe kuwapo pale ulipo. Duara tulilifuta siku ileile.

Kosa la pili halikuwa letu, ingawa faida yake imekuwa yetu. Tulikuwa tumechagua skeli ya 1:87, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 87, ambayo imeenea sana duniani kwa modeli za reli. Katika skeli hiyo reli ya kimataifa ya upana wa milimita 1,435 hutengenezwa kwa upana wa milimita 16.5, na reli nyembamba ya mita moja, kama hii yetu ya zamani, hutengenezwa kwa milimita 12. Tulichangishana, tukaagiza vipande vya milimita 12 kupitia muuzaji mmoja, na baada ya wiki saba likaja boksi lenye reli za milimita 9, zinazokusudiwa skeli ya 1:160. Muuzaji alikataa kuzibadilisha. Vijana walivunjika moyo, nami sikuwa na la kuwaambia, kwa maana fedha ilikuwa imekwisha na nyumba tatu za kadibodi zilikuwa zimekwisha kukatwa kwa skeli ya kwanza.

Aliyetuokoa ni binti wa kidato cha tatu, ambaye aliuliza swali ambalo mimi mwalimu nilipaswa kuuliza kabla ya wote: kama reli ya kweli ina upana wa mita moja, na hii tuliyonayo ina upana wa milimita 9, je, hatuwezi kuamua kwamba katika modeli yetu mita moja ni milimita 9? Skeli hiyo, ukiikokotoa, ni 1:111, na haimo katika orodha za viwanda. Vitabu vya ufundi huu vinaonya sana dhidi ya skeli isiyouzwa madukani, kwa kuwa mjenzi atakosa nyumba, watu, magari na miti ya kununua. Lakini Kigoma hatununui nyumba ya Barabara ya Lumumba ikiwa ndani ya boksi. Kila ukuta, kila paa la bati, kila mwembe, tutautengeneza kwa mikono, na kwa mtu anayetengeneza kila kitu kwa mikono onyo hilo halina nguvu. Tunachonunua ni reli, magurudumu na mota, na hivyo vyote vya milimita 9 ndivyo vilivyo rahisi kupatikana.

Mabadiliko hayo yalileta wepesi ambao sikuutarajia. Mwanafunzi anayepima mlango wa mita 2 hahitaji kikokotozi. Anazidisha kwa tisa, anapata milimita 18. Ukuta mrefu wa chumba, wenye mita 5.4, ukawa mita 600 kamili za Kigoma. Behewa la abiria tulilolichukulia kuwa na mita 18 likawa milimita 162, na Liemba yenye mita 71 hivi ikawa sentimita 64. Vijana walikata kipande cha mbao ya mninga chenye unene wa milimita 9, wakakipitisha kati ya reli mbili kuhakikisha kinaingia bila kulegea, kisha wakakata vingine kumi na moja, kila mmoja na chake. Kijiti hicho ndicho mita yao. Nimewaona wakikisimamisha kando ya nyumba ya kadibodi na kuhesabu, mita moja, mbili, tatu, kama fundi anayepima ukuta halisi kwa fimbo.

Baada ya skeli kutulia, tuliacha karatasi tukahamia sakafuni, na hatua hii ningemshauri yeyote anayepanga modeli asiiruke. Tulichora reli kwa chaki, kwa ukubwa wake kamili, kando ya kuta mbili zinazokutana kwenye pembe, tukatengeneza treni ya maboksi: kichwa cha milimita 153 na mabehewa sita. Treni halisi ni ndefu zaidi, lakini mabehewa sita na kichwa chake yanafika karibu sentimita 115, nayo yanatosha kumfanya mtazamaji aone treni ya safari. Mzee alivua viatu, akapiga magoti, akaiingiza treni stesheni kwa mkono. Akakata kichwa kutoka kwenye mabehewa, akakisogeza mbele ili kipite kwenye pointi, pale reli inapogawanyika kuwa njia mbili, na kurudi kwa njia ya pembeni hadi upande wa pili, kwa sababu reli inapoishia, kichwa kilichovuta treni kuingia ndicho kinachobanwa ukutani, na hakiwezi kurudi Tabora mpaka kiyazunguke mabehewa yake. Kikakwama. Nilikuwa nimekiachia sentimita 12 baada ya pointi, na kichwa kina zaidi ya 15, kwa hiyo tako lake lilibaki juu ya pointi, na pointi yenye kitu juu yake haigeuzwi. Mzee hakusema neno, alitazama tu pale chaki ilipoishia. Kwenye karatasi sentimita 3 hizo zilikuwa unene wa kidole, na nilikuwa nimezipita mara kumi bila kuziona. Sasa mkia huo wa reli baada ya pointi una sentimita 20.

Pembe ya chumba nayo ilihitaji kupimwa kwa mkono. Kanuni inayotumika katika modeli ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote, ili mabehewa yasivutane nje ya reli, na kwa behewa la milimita 162 hiyo ni kama sentimita 49. Tuliweka 50. Katika uhalisia hiyo ingekuwa kona ya mita 55 hivi, kali mno kwa treni yoyote ya njia kuu, kwa hiyo tumeamua kona hiyo isionekane: inaingia nyuma ya kilima na miembe, na mtazamaji anaona treni ikijitokeza ikiwa imekwisha kunyooka.

Upande wa pili wa pembe, kwenye ukuta mfupi, kuna kile ambacho vijana wamekiita Tabora. Katika modeli ya mwisho wa reli, treni lazima itoke mahali na iende mahali, na mahali hapo hufichwa. Kwa kawaida hupangwa yadi yenye njia kadhaa na pointi zake, lakini pointi ndizo ghali kuliko vyote, na zinakula urefu. Seremala alipendekeza droo. Ametengeneza ubao wa mita 1.2 unaoteleza kushoto na kulia juu ya reli za droo za kabati, wenye njia nne zilizoachana kwa sentimita 5, na mtu anausogeza kwa mkono mpaka njia anayoitaka ikutane na njia kuu. Treni nne zinasubiri pale bila pointi hata moja. Ningekuwa peke yangu nisingewaza hilo. Nilikuwa nimekwisha kuchora pointi tatu.

Kuhusu pointi za stesheni yenyewe, mchoro wetu wa pili ulikuwa na kumi na nne, kwa kuwa tulidhani wingi wa njia ndio unaoonyesha ukubwa wa stesheni. Mzee aliuliza kwa kila moja swali lilelile: "Hii anaitumia nani?" Ilibidi tujibu kwa kutaja mzigo. Tumechagua kipindi cha katikati ya miaka ya 1980, ambacho yeye alikuwa kazini, na ambacho Shirika la Reli Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilikuwa likiendesha treni na meli za ziwani kwa pamoja. Mizigo tuliyoiorodhesha ni saruji na mafuta ya kuvushwa kwenda Burundi na Zaire ya wakati huo, chumvi ya Uvinza, na dagaa na mawese ya kwenda bara. Njia ambayo haikuwa na mzigo wake tuliifuta. Zikabaki pointi saba: mbili za kichwa kuzunguka mabehewa, moja ya kutoka njia kuu kwenda upande wa mizigo, moja ya tawi la bandari, moja ya kuigawa njia ya gati kuwa mbili, moja ya ghala na moja ya matangi ya mafuta. Hizo saba zina kazi nyingi kuliko zile kumi na nne, kwa sababu behewa la chumvi haliwezi kutolewa ghalani bila kwanza kusogeza la dagaa lililo mbele yake, na hapo ndipo mchezo wa kushanti unapoanzia.

Palitokea hoja ya kuiondoa bandari ili kupata nafasi ya soko. Niliikataa, na sababu nimekwisha kuzitaja, lakini niliongeza moja. Kwa makubaliano ya mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa eneo lao hapa Kigoma na jingine Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Nchi mbili haziketi mezani kugawana ncha ya reli isiyo na kazi. Soko tutalionyesha kwa vibanda vinne na mikokoteni, karibu na ghala.

Sasa nije kwenye mji, ambao ndio uliotutesa kuliko reli. Meza yetu ina kina cha sentimita 60, yaani mita 67 tu za Kigoma. Reli, jukwaa na gati vinakula zaidi ya nusu, na kinachobaki nyuma ya stesheni ni kama sentimita 22. Mwanzoni tulikuwa tumeliweka ziwa nyuma, limepakwa rangi ukutani, na mji mbele, karibu na mtazamaji. Ukijaribu hivyo, nyumba za mbele zinaiziba reli, na ziwa linakuwa picha ya bluu isiyo na kazi. Tulipoligeuza, tatizo lililegea lenyewe. Mtazamaji anasimama mahali pa maji, kama abiria aliye ndani ya meli inayokaribia gati. Mbele yake kuna maji na ukuta wa gati, kisha reli, kisha jukwaa, kisha mji unaopanda. Kigoma imetusaidia kwa umbile lake, maana stesheni iko chini na Barabara ya Lumumba inapanda mlima kuelekea mtaa wa Mwanga, hivyo kila safu ya nyumba inachungulia juu ya paa la iliyo mbele yake, na hakuna inayojificha.

Mlima huo tunaudanganya kwa kipimo. Nyumba za safu ya kwanza zinajengwa kwa milimita 9 kwa mita, za safu ya pili kwa 6, na za safu ya juu kabisa kwa 4, huku barabara ikianza na upana wa milimita 90 na kuishia na 35 pale inapokutana na mchoro wa ukutani. Tulifanya jaribio kwa nyumba tupu za kadibodi zisizo na madirisha. Kwa jicho lililo usawa wa meza, sentimita 22 hizo zilionekana kama nusu kilomita. Kwa jicho la mtu mrefu aliyesimama, hila ilifichuka mara moja, nyumba za juu zikaonekana kama vibanda vya kuku. Kwa hiyo tumeiinua meza kutoka sentimita 90 hadi 125, na wanafunzi wafupi watapanda juu ya benchi wakati wa kufanya kazi. Miembe ya kando ya barabara imepangwa kwa namna hiyohiyo: wa chini una milimita 130, wa juu kabisa 45, na wa mwisho unafunika mstari ambapo mbao inakutana na ukuta.

Liemba ilizua mabishano marefu. Sentimita 64 ni zaidi ya urefu wa mabehewa matatu, na ikiwekwa gatini kwa ukamilifu wake inaziba jukwaa lote. Uamuzi ni kuiweka mwishoni mwa meza, ambapo nyuma yake kuna njia mbili za gati tu, na kuifanya iondoke: imekaa juu ya kipande cha plaiwudi chenye rangi ya maji, nacho kinachomolewa kama trei. Siku ambayo meli iko safarini, gati linakuwa tupu, kama lilivyokuwa kweli siku nyingi za wiki.

Umeme haukutusumbua. Treni zinatumia volti 12 za mkondo mnyoofu kutoka kwenye betri ya sola, na njia zimegawanywa katika sehemu tano zenye swichi zake, ili kichwa kimoja kisimame jukwaani wakati kingine kinashanti. Vichwa vyenyewe ni maganda ya kadibodi ngumu, yaliyochorwa kwa mfano wa vichwa vya dizeli vya daraja la 88 vilivyotoka Kanada, na yamefunikwa juu ya mota zilizonunuliwa zikiwa zimetumika.

Jambo moja limebaki bila ufumbuzi ulioniridhisha. Jengo la stesheni, lile la Wajerumani lenye matao, ndilo watu wanalolijua kuliko kitu kingine chochote mjini, na uso wake unautazama mji. Kwa kuwa mtazamaji wetu amesimama ziwani, anaona upande wa jukwaa, na uso wenyewe unaelekea ukutani. Wanafunzi wawili walitaka tuligeuze jengo. Mzee alikataa kabisa, akisema abiria hawezi kushuka kwenye behewa akajikuta amefika barabarani. Niliunga mkono upande wake, ingawa najua kwamba wageni watakaokuja kuitazama modeli watauliza yako wapi matao. Tulichokubaliana ni kwamba jengo halitagundishwa. Litakaa ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye mbao, na anayetaka kuuona uso wake atalinyanyua kwa mikono miwili. Uso huo utajengwa kwa uangalifu uleule kama upande unaoonekana. Wiki hii matao yake yanakatwa kwenye kadibodi, na mzee ameleta kipande cha karatasi alichokichora mwenyewe kwa kalamu ya wino, kinachoonyesha dirisha alilokuwa akisaini zamu, mlango wa kuingilia kwa wafanyakazi, na mahali kengele ilipokuwa imening'inia.